Kitabu Kilichosomwa Hadi Langoni

Stesheni ya Reli, Nakuru
10 Machi 1957

Kwa dada yangu Cheptanui,

Pokea salamu zangu nyingi. Mimi ni mzima, ila miguu imechoka na koo limekauka. Kifua chako kinaendeleaje? Mvua zikianza huko Ndabibi usitoke kwenda kukamua bila koti, nakujua wewe.

Dada, kitabu kimetoka. Kinaitwa *Askari Aliyechelewa*, kimeandikwa na Jonah Kosgei, karani wa mizigo. Wachapaji wa Nairobi walinirudishia karatasi zangu hata kamba hawajaifungua, kwa hiyo nimekichapisha kwa mfuko wangu mwenyewe, kwa Balwant Singh hapa mjini. Kazi yake hasa ni kalenda na kadi za arusi. Alinionya kwamba kitabu kisicho na picha ya mwanamke hakina mnunuzi, nami nikajifanya sikusikia. Sasa nakala mia tano zimekaa chini ya kitanda changu na chumba chote kinanuka wino.

Kumbe kuandika ilikuwa ndiyo kazi nyepesi. Jumapili nilisimama mlangoni pa kanisa, mchungaji akauliza kama ndani mna neno la Mungu. Nikaenda mnadani, watu wakanipita wakitazama fahali. Halafu nikapata akili, au nilidhani ni akili: gari moshi likisimama, naenda kwenye madirisha ya daraja la tatu, nasoma ukurasa wa kwanza kwa sauti, na pale penye utamu nanyamaza ili wanunue. Lakini nikinyamaza tu, gari nalo linaondoka. Jana mzee mmoja alitoa kichwa nje akaniuliza kwa kelele, "Halafu ikawaje?" Nikakimbia naye mpaka mwisho wa jukwaa nikimsimulia bure.

Nimechoka, dada. Nimejiwekea nadhiri kwamba nakala hizi zisipotoka kabla ya Krismasi, kalamu naiweka chini kabisa.

Nimekuletea yako kwa mkono wa Micah, yule dereva wa lori la maziwa la huko kwenu. Naomba kitu kimoja: kisome mpaka mwisho. Wengine wakiishia njiani sitajali. Karatasi za mwisho zimeshikana kwa juu kwa sababu kisu cha Balwant kilikuwa butu, basi zipasue.

Mama anauliza tena utarudi Ravine lini.

Ni mimi ndugu yako,
Jonah


Ndabibi
7 Aprili 1957

Ndugu yangu Jonah,

Salamu zimefika na kitabu kimefika. Kifua kimetulia. Ng'ombe wazima, watu wazima, matope ndiyo yamezidi.

Nimeona jina lako limechapwa kubwa kuliko jina la kitabu. Baba angekuwepo angekuchapa wewe.

Mwambie Mama sihami. Anajua sababu na wewe unaijua, lakini kwa kuwa kila barua mnaniuliza, nitaisema tena. Kiprugut alipokwenda vitani mwaka wa 1942 aliniacha katika nyumba hii. Barua zake zilikatika, lakini waliposoma majina ya waliokufa, lake halikuwemo. Mume wangu akirudi atanitafuta hapa. Mwenye shamba anapunguza watu na kila mwezi nyapara ananitazama kwa jicho la kuhesabu, lakini mpaka nitolewe kwa nguvu nitakuwa hapa hapa.

Kuhusu kuuza: wewe unauza kitabu kama mtu anayekimbiza treni. Nani atanunua akiwa mbioni? Hapa tumewekwa stoo kushona magunia yaliyotoboka, wanawake kumi na wanane, mikono ina kazi na masikio hayana. Nilianza kuwasomea Jumatatu. Nyapara akaja kuuliza huu ni mkutano wa namna gani, maana siku hizi watu wakikusanyika serikali inataka kujua. Nikamsomea kurasa mbili. Sasa anakuja na kigoda chake.

Yule askari wako wameshampenda. Wanagombana kama atafika nyumbani au hatafika. Niletee nakala nyingine, waume zao wanajua kusoma.

Mimi dada yako,
Cheptanui


Nakuru
2 Juni 1957

Kwa dada yangu mpendwa,

Habari za masiku, na habari za kifua? Huku tunashukuru, ingawa nimelala vibaya wiki nzima.

Sijui nianzie kwenye furaha au kwenye uchungu. Vitabu vinatoka. Watu wanakuja stesheni kutoka Gilgil, na vibarua watatu wamekuja kutoka machimbo ya Kariandusi wakiwa bado weupe kwa vumbi, wote wanaulizia kile kitabu cha askari kinachosomwa Ndabibi. Balwant amefurahi kuliko mimi. Kila nikipita dukani ananiuliza cha pili kiko wapi. Nakaa mezani na karatasi mbele yangu mpaka chai inapoa, na hakuna kinachokuja. Kichwa kikavu kabisa.

Sasa uchungu. Juzi Micah wa lori alinirudishia nakala yake mbele ya watu. Alisema nimemwibia. Alisema katika kitabu cha kweli, askari anafika kwenye lango la shamba, mkewe anamwona, anaingia ndani anamletea maziwa kwenye kibuyu, anamwambia, "Kunywa kwanza, maneno baadaye." Mkewe Micah alilia aliposikia hayo, na Micah akanunua kitabu ili ayasome mwenyewe, na hayamo.

Hayamo kwa sababu sikuyaandika, dada. Mwisho wangu si huo. Nimepiga miguu miezi mitatu, halafu nakuta kitabu ambacho watu wanakitaka ni chako, na changu kinarudishwa. Nimeumia, sitaficha. Kwa nini uliubadili? Ulipofika mwisho hukuupenda?

Nijibu upesi.

Nduguyo,
Jonah


Ndabibi
16 Juni 1957

Ndugu yangu,

Sijambo. Pole kwa kutolala, na pole kwa ya Micah. Nimemsema mpaka amekoma.

Sikubadili kitu. Mwisho wako sijausoma.

Nilisoma mpaka pale askari anapoweka sanduku lake chini langoni na kutazama ndani. Ukurasa ulioandamia ndio ule ulioshikana. Kisu nilikuwa nacho, tulikuwa na visu vya kukatia kamba za magunia. Nilikiweka kwenye karatasi mkono ukakataa. Wanawake wote kumi na wanane walikuwa wamesimamisha sindano wananingoja. Basi nikaendelea kutazama kitabu kana kwamba nasoma, na nikasema yale ninayoyajua. Miaka kumi na tano nimefikiria nitamwambia nini mtu akisimama langoni. Kibuyu hicho kipo, Jonah. Nakisafisha kwa mkaa kila juma.

Tangu hapo wamenifanya nirudie mara sita. Kila mara naishia langoni, halafu naendelea kwa kichwa.

Usinikasirikie. Kama unataka mwisho wangu uuchapishe nitajaribu kukuandikia, maana unasema kichwa chako kikavu.

Dadako,
Cheptanui


Nakuru
23 Juni 1957

Dada Cheptanui,

Nakusalimu. Natumaini u mzima.

Usiniandikie mwisho mwingine. Chukua kisu upasue karatasi hizo. Usizisome stoo mbele ya wale wanawake, zisome nyumbani peke yako, mchana, ukiwa umekaa.

Sijali tena kama kitabu kitanunuliwa au hakitanunuliwa. Soma tu, nakuomba.

Jonah


Ndabibi
29 Septemba 1957

Jonah,

Ni mzima.

Nilikaa miezi mitatu nikikizunguka hicho kitabu. Jana nilizipasua.

Umeandika kwamba askari anatazama ndani ya lango na kumwona mkewe anatoka zizini. Ana kopo la maziwa lililobonyea upande mmoja. Mgongoni amebeba mtoto kwa blanketi jekundu lenye mstari mweusi. Askari anafahamu kwamba mkewe ameshaolewa na mwingine, anachukua sanduku lake, anarudi njia aliyojia bila kumwita.

Kopo lile nililiangusha mimi. Blanketi lile lilikuwa la Wariara, yule jirani yangu ambaye serikali ilimhamisha na watu wake mwaka wa 1953. Mwaka wa 1946 aliungua mkono kwa maji ya moto, hakuweza kufunga mtoto mgongoni, nami nikambebea binti yake miezi miwili. Wewe mwaka ule hukufika hapa mpaka Krismasi, na Krismasi mkono ulikuwa umepona. Hukumwona mtoto yule mgongoni mwangu hata siku moja.

Habari hii uliitoa wapi?

Cheptanui


Nakuru
3 Oktoba 1957

Dada yangu,

Sina salamu inayofaa. Nakujibu.

Niliitoa kwa Kiprugut.

Agosti 1946 nilikuwa mgeni kazini, karani mdogo stesheni ya Gilgil. Asubuhi moja aliteremka kwenye gari akiwa na sanduku la jeshi. Alikuwa amekonda sana, alisema amelala hospitali za jeshi mwaka mzima na hakutaka uandikiwe habari za mgonjwa. Hakukaa hata kunywa chai. Alipata lori la kwenda upande wa ziwa akaenda.

Siku ya pili mchana alirudi. Alinunua tikiti ya Tororo. Nikamuuliza kulikoni, akaniambia hayo uliyoyasoma, kopo, blanketi, mtoto. Kisha akasema, "Amepata maisha yake. Usimwambie nilikuja, utamharibia."

Ningeweza kumwambia ni uongo. Lakini sikuwa nimekuona kwa miaka miwili. Nikafikiri labda ni kweli, labda umepata mtoto ukaona haya kuniandikia. Basi nikanyamaza, gari likaja, nikambebea sanduku mpaka mlangoni. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba nilimbebea.

Krismasi nilipokuja kwako nikakuta hakuna mtoto. Niliwauliza magadi wa treni, wale walinzi wa mabehewa, niliandika Tororo mara tatu, nikaambiwa hajulikani, labda amekwenda mbele, Jinja au Kampala. Nilitaka kukuambia mwaka ule. Nikaona nitakuambia mwaka ujao. Kila mwaka ulipopita neno lilizidi kuwa zito, kwa sababu sasa ilibidi nieleze pia kwa nini nilinyamaza. Mwisho nikaona afadhali niliandike kama hadithi ya mtu mwingine, nawe ulisome uelewe. Ni woga, najua. Nilichapa nakala mia tano ili nikuambie wewe mmoja.

Ndiyo maana Balwant anangoja bure. Mimi si mwandishi. Nilikuwa na jambo moja tu la kusema.

Nisamehe kama unaweza.

Ndugu yako,
Jonah


Eldama Ravine
1 Desemba 1957

Ndugu yangu Jonah,

Mama anakusalimu. Mguu wake umepata nafuu na mimi kifua changu kinapenda hewa ya huku.

Umeona nimeandika kutoka wapi. Nilimwambia nyapara mwenyewe kwamba naondoka, kabla hajaniambia. Nilikuwa nikikaa pale ili Kiprugut asikose kunikuta, na kumbe alinikuta. Sina la kungoja tena pale.

Nilikukasirikia sana. Niliandika barua mbili nikazitia motoni. Ulikuwa kijana wa miaka ishirini, najua, lakini miaka kumi na moja si ya kijana wa miaka ishirini. Ulikuja kwangu kila Krismasi ukala ukilisikia jina lake mdomoni mwangu. Nimekusamehe kidogo, na kilichobaki utakifanyia kazi.

Kabla ya kuondoka niliwasomea wale wanawake mwisho wako, jinsi ulivyouandika, neno kwa neno. Halafu mmoja akauliza, "Kwa nini hakumwita? Angeita jina lake tu." Nikawaambia mtoto alikuwa wa jirani, wakalia wote, hata nyapara. Kwa hiyo usiniambie wewe si mwandishi. Umeacha tu kumaliza.

Micah amenihesabia, anasema nakala mia mbili na zaidi bado ziko chini ya kitanda chako. Usiziuze. Chukua kalamu, na chini ya mstari wa mwisho uandike katika kila moja: *Mtoto yule alikuwa wa jirani. Mwanamke hakuolewa na mtu mwingine.* Kisha uwape magadi wa treni unaowajua waziache kwenye mabenchi ya daraja la tatu, Timboroa, Eldoret, Tororo, Jinja, mpaka Kampala, na kila mwezi waongeze mpaka ziishe.

Usidhani nataka arudi. Nimechoka, Jonah, na pengine ana watoto wake sasa, na wawe wazima. Nataka ajue tu. Sitaki mtu aliyenioa atembee duniani akidhani sikumngoja.

Alijifunza kusoma ukubwani, hukohuko jeshini, na mwandiko wa mkono ulikuwa unamshinda. Andika kwa herufi kubwa, zilizoachana, asije akahitaji kumpa mtu mwingine amsomee.

Mimi dada yako,
Cheptanui