Kidole cha Baba

Wavinya, wacha hiyo sufuria usome hii. Leo Baba ameaibika hapa gereji Dandora, na moyo wangu haujatulia.

Unajua vile yeye hunyoosha bodi za magari. Rula hagusi. Hufumba macho akapitisha kidole kwenye mwanya kati ya mlango na fenda, na kidole kinamwambia wapi pamebana, wapi pameachana.

Sasa mwenye Datsun kuukuu ya spoti aliyoinyoosha Baba akaja kuichukua mapema, kabla Muthama, fundi mwenzake Baba, hajafika. Baba akapitisha kidole, akatabasamu. "Imekaa sawasawa."

Imekaa! Wavinya, juu mwanya ni uzi, chini mkono mzima unapita!

Mwenye gari akacheka. "Mzee, huu ni mlango ama ni geti?"

Baba akapitisha tena. Akarudia tena. Yule mtu akaacha kucheka. "Mzee, unatoka damu."

Bati lilikuwa limemkata na hakusikia. Hakusikia kitu! Akakitazama kidole chake kama cha mtu mwingine.

Hapo Muthama akaingia. Baba hakugeuka. "Muthama, ni wewe umekuwa ukirekebisha kazi yangu?"

Muthama akainamisha kichwa. "Ni mimi, Mbaluka. Ukienda chakula. Tangu Krismasi."

Kisha Baba akafuta damu kwa ovaroli, akashika mkono wa Muthama, akakipeleka kidole cha rafikiye kwenye ule mwanya. Halafu akafumba macho, vile hufanya siku zote.

"Haya," akasema, "nisikilizie."