Bakapu ya Maduhu

Winnie, kaka yako Maduhu kaumbuka leo hapa ofisini Nyalikungu!

Kabadilisha programu ya ruta, kile kisanduku cha intaneti, setingi zote zikafutika. Akacheka. "Bakapu ninayo, nakala ya setingi zote." Yaani mbele ya bosi, wanunuzi wa pamba wanasubiri mtandao!

Kapakia bakapu, ruta ikaikataa. Kapakia tena, ikaikataa! Kumbe ni ya programu ya zamani, hii mpya haiisomi. Haiisomi kabisa, Winnie!

Jasho likamtoka. Ndipo akakumbuka daftari la Minza, sekretari wetu, alimoandika kila setingi kwa mkono.

"Dada Minza, lile daftari..."

Minza hata hakuinua macho. "Si ulisema mbele ya watu kuandika daftarini ni ushamba? Nililichana siku ileile, nikawashia jiko."