Tulikula Tukipeana Migongo

Kwako mama mkwe, mama yake Nsimire,

Sijawahi kukuandikia. Ulipokuwa hai hapakuwa na haja, kwa sababu ulikuja mjini kila Alhamisi na viazi vyako, na kusoma hukufundishwa. Sasa Alhamisi inafika na hakuna anayekuja. Mimi ni karani wa depo ya chai, karatasi ninayo. Acha niandike.

Ninaanza na ile siku ya mvua, Nsimire akiwa amelazwa hospitali. Wauguzi walitutoa nje ili daktari apite. Wewe ulitokea mlango wa mbele na mimi wa nyuma, maana tangu nimuoe binti yako tulikuwa tumezoea kupishana hivyo. Lakini mvua haikujua habari zetu. Nilikimbilia ule mgahawa mdogo wa Nyawera, nikafuta maji usoni, nikakuona umekaa karibu na dirisha, kitenge chako kimelowa mabegani.

Ilikuwa inakaribia saa nane mchana. Mgahawa ule ulilisha makarani wa ofisi za mjini, na saa nane ulifungwa. Viti vilikuwa vimeshapandishwa juu ya meza, sakafu imemwagiwa maji, ila ile pembe yako tu. Niligeuka nitoke. Papa Ciza, yule mzee aliyekuwa akihudumu pale na kumwita kila mtu Citoyen, yaani mwananchi, akanishika mkono.

"Citoyen, unaenda wapi na hii mvua? Kuya ukae pale kwa mama."

"Hapana, papa. Ule ni mama mukwe yangu."

Akaniachia mkono. Alikuwa Mushi, mtu wa Bushi kama sisi, hakuhitaji kuelezwa. Kwa ajili ya wengine watakaosoma nitasema: kwetu Bushi mkwe hali mbele ya mama mkwe wala dada zake, wala mama mkwe hali mbele ya mkwe. Si chuki. Ni heshima. Kwa miaka sita ulipotutembelea nyumbani, wewe ulikula chumbani na mimi nilikula uani, na Nsimire akapita katikati yetu na bakuli kama mtu wa posta.

Papa Ciza alitazama mvua, akatazama saa ya ukutani. Halafu akashusha viti vya meza iliyo jirani na yako, akakigeuza kimoja hata mgongo wake ukagusana na mgongo wa kiti chako.

"Mama ataangalia barabara, wewe utaangalia ukuta. Hakuna mwenye ataona mwenzake. Lakini mukule mbio, jiko imeisha kuzimwa."

Tulikula bugali, mboga ya lengalenga na sambaza, vile visamaki vya ziwani. Sikukuona, nilikusikia. Bangili yako iligonga sahani kila ulipokata tonge. Ulipokunywa maji ulivuta pumzi ndefu kama mtu aliyefika juu ya kilima. Mimi niliona haya kwa kutafuna kwangu, nikawa namumunya sambaza mpaka zinalainika. Wewe ndiye uliyeanza kusema.

"Mukwe, daktari anasema nini?"

Nikaujibu ukuta.

Tuliporudi hospitali nilimwambia Nsimire. Alicheka mpaka akakohoa, muuguzi akaja.

"Mgongo na mgongo? Kama batu benye wamegombana! Na mama alikula sambaza na vichwa yake?"

"Sikuona."

"Lakini si ulisikia?"

"Nilisikia."

"Basi alikula na vichwa. Mi namujua."

Baada ya majuma matatu tulimzika. Hakutuachia mtoto. Matanga yalipokwisha, baba yake mdogo alisimama mbele ya watu wote kule Walungu, kijijini kwenu, akasema: "Mwanamuke amekufa, mutoto hakuna. Kati yetu na huyu kijana hakuna tena kitu. Aende, aoe, tunamubariki." Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza. Wewe ulikuwa umekaa kwenye mkeka na wanawake wengine. Hukusema neno. Wazazi wangu mwenyewe walikufa nikiwa bado shuleni, hivyo nilipoteremka mjini sikuwa najua tena mimi ni wa nani.

Alhamisi iliyofuata miguu yangu ilinipeleka Nyawera, na nikakukuta. Papa Ciza alikuwa ameshapanga vile viti viwili. Ulinisalimu, ukageukia barabara, ukanipa mgongo.

Mama, sijui kama uliwahi kujua furaha niliyoipata siku ile. Mtu ambaye si mkwe hujifichi kwake, unakula tu mbele yake kama unavyokula mbele ya jirani au mtu wa sokoni. Wewe ulijificha. Basi nilikuwa bado wako, hata kama baba mdogo alikuwa amesema alichosema. Mwaka mzima, na wa pili, na wa tatu, hata wa nne, kila Alhamisi saa saba na nusu, makarani wakishatoka na hakuna wa kutuona, nilikuja kutazama ukuta na kuwa mkwe wako.

Tuliongea habari za mtu mmoja tu. Wewe ulikuwa na Nsimire wa utotoni, mimi nilikuwa na Nsimire wa nyumbani kwangu, tukawa tunapeana. Uliniambia alivyomwogopa jogoo wa jirani hata akawa anazunguka kilima kizima ili afike shule. Nilikuambia alivyounguza maharagwe kwa kusoma gazeti lililofungiwa chumvi. Uliniambia alikataa kuzaliwa mchana, akangoja wakunga wachoke. Nilikuambia kwamba siku za salongo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, alikuwa wa kwanza kufika na wa kwanza kusingizia mgongo. Gari la Walungu liliondoka saa tisa, kwa hiyo saa nane ikifika Papa Ciza alianza kuchezesha funguo.

"Citoyens, jiko imelala. Ata Nsimire mwenyewe angekuwa amerudi kwake."

Na wewe ulimjibu bila kugeuka: "Acha kelele, papa. Bado hajafika darasa la tano."

Mwaka wa mwisho ulianza kuchelewa kujibu. "Unasema?" uliuliza, na tena, "Unasema?" Nilidhani ni sufuria za Papa Ciza. Siku moja nilikusimulia alivyolia siku ya harusi yetu kwa sababu viatu vilimbana, nawe ukaniitikia: "Ndiyo, mwaka huu viazi vimeoza sana." Nikacheka. Nilidhani umechoka na safari.

Halafu ikaja ile Alhamisi ya kiangazi. Nilikuwa nimeukabili ukuta kama kawaida na nimeanza kusimulia. Nikasikia kiti chako kinakwaruza sakafu. Ulisimama, ukachukua sahani yako, ukazunguka, ukaketi kwenye meza yangu, kati yangu na ukuta. Kwa miaka kumi nilikuwa sijaona uso wako ukiwa na chakula. Ulikata tonge, ukachovya, ukala, macho yako yakiwa mdomoni mwangu.

"Sasa sema," uliniambia. "Sema ya Nsimire."

Sikuweza. Nilitazama sahani. Maneno ya baba mdogo yalinirudia yote, na upole wake. Nilijiambia: leo mama amemaliza. Amevua ukwe kama watu wanavyovua nguo za matanga, na ameona bora anionyeshe kuliko kuniambia. Nikasema nina kazi depo. Niliacha nusu ya bugali, nikatoka. Papa Ciza aliniita mpaka barabarani, sikugeuka.

Alhamisi iliyofuata nilibaki depo nikipanga magunia ambayo yangeweza kupangwa siku yoyote. Na ile iliyofuata. Nilijisemea kwamba nakupunguzia mzigo, uwe unakula kwa amani na watu wako. Haikuwa kweli. Niliogopa utasema kwa mdomo kile nilichoamini umekisema kwa kiti.

Juma la tano dereva wa gari la Walungu alikuja depo akavua kofia. "Papa, mama mukwe yako ameenda jana. Ni kifua." Nilimuuliza mara mbili ni mama mkwe wa nani.

Ulipokwisha kuzikwa, mwanao Bisimwa alikuja kusimama nami kando ya shamba. Nilikuwa nimebeba lile jambo kwa muda mrefu, nikamwambia. Nikamwambia mama aliacha kuwa mkwe wangu, alikula mbele yangu. Alinitazama kama mtu anayetafuta kama nimelewa.

"Yaya, kaka yangu, hukujua? Masikio ya mama ilikuwa imekufa. Ya kushoto ilianza, na ya kuume ikafuata. Sisi bote ilikuwa inafaa tusimame mbele yake, aone mdomo, ndiyo asikie. Alikatalia tuseme kwa batu, alikuwa na haya."

"Hakuniambia."

"Angekuambia namna gani, na mgongo? Alikuwa anarudi hapa analia. Anasema: mukwe ananihadisia ya Nsimire, na mi sisikii tena kitu, naitika tu. Majuma mingi alikuwa na hiyo mawazo, achague heshima ao achague mutoto wake." Akapangusa jembe kwa nyasi. "Na siku ile alirudi akasema: nimefanya vibaya. Nimemufukuza."

Mama. Uliondoka duniani ukijua kwamba ulinifukuza.

Nilipomuuliza Papa Ciza, aliniambia yaliyobaki, na afadhali asingeniambia. Ulikuja Alhamisi tatu baada ya ile. Ulirudisha kiti chako kilipokuwa zamani, kikiangalia barabara, na ukamwomba aweke changu nyuma yako. Ulikuwa tayari usisikie kitu tena, mradi nije. Saa nane alikuambia anafunga, ukamwambia angoje kidogo. Siku ya tatu alikungoja mpaka gari likakuacha, akakutafutia lingine.

Ninaendelea kwenda. Kuna Alhamisi Papa Ciza hushusha viti viwili kwa mazoea, halafu hukirudisha kimoja juu, nami hujifanya natazama nje. Sambaza ni zilezile. Kinachonishinda si chakula. Yule jogoo ambaye Nsimire alimwogopa alikuwa na jina. Ulinitajia, ukacheka, na mimi nikacheka. Nimelisahau. Nimemuuliza Bisimwa, alikuwa hajazaliwa. Duniani kote hakuna tena mtu wa kumuuliza jogoo yule aliitwa nani. Nsimire wa utotoni umeondoka naye, nami nimebaki na nusu yangu, na nusu hii sina wa kumpa.

Siku ile ulipokuja kuketi mbele yangu, nilikuwa naanza kukuambia hivi. Asubuhi moja hospitali, siku chache kabla hajaenda, Nsimire aliniomba nimsuke nywele. Sijui kusuka. Nilimfanyia vifundo vinne, kila kimoja kinatazama kwake. Alijiangalia kwenye kijiko, akasema nisivifungue mpaka mama avione. Ulifika ukaviona, ukaniuliza mlangoni muuguzi gani amemfanyia mwanao vile. Nilisema sijui. Ilikuwa mimi.

Jambo moja limebaki, na hukuliona kwa sababu ulikuwa umeshafunikwa udongo. Baada ya kuongea na Bisimwa tulirudi uwanjani. Manyunyu yalikuwa yameanza. Nilikaa kwenye benchi, mwisho kabisa, mahali pa mgeni. Dada zako walikuwa kwenye mkeka chini ya ukingo wa paa, wote watano, macho yamevimba. Msichana aliniletea sahani ya maharagwe na bugali. Kabla sijanawa, dada yako mkubwa, yule wa fimbo, aliinua kichwa.

"Musimame," aliwaambia wenzake. "Mukwe yetu anataka kula."

Baba mdogo alikuwa pale. Alimtazama, akatazama chini.

Mdogo wao alinung'unika: "Na hii mvua?"

"Na hii mvua. Musimame."

Wakasimama, mmoja akimshika mwingine, wakaacha mkeka mkavu, wakapita mbele yangu nyuso zimefunikwa kwa vitenge, wakaenda nyuma ya nyumba ambako hakuna paa. Nilibaki peke yangu na sahani. Nilikula yote, mama, na nilikula haraka, ili wasilowe.

Pumzika huko uliko, na umsalimie.

Mkwe wako,
mume wa Nsimire