Macho Mapya ya Zumbukuku

Jumatatu, 3 Machi

Wamerudi! Miaka kumi na tisa ndani ya sanduku la bati, na leo mdogo wangu kawaleta kibandani kwangu kawakumbatia kifuani kama watoto wachanga. Vikaragosi wetu wa televisheni, Zumbukuku kiboko na Bi Mkwara kuku. Wananuka dawa ya mende. Bi Mkwara hana shida, kapungukiwa manyoya mawili na mdomo umebanduka rangi. Zumbukuku ndiye taabani — sufi imevunda tumboni, blanketi la mgongoni limeliwa na nondo.

Televisheni wanataka kipindi maalumu cha saa nzima. Kurekodi ni Alhamisi. Prodyuza kasema watu wakikipenda, vikaragosi wanarudi kila wiki kama zamani. Miaka yote hii mdogo wangu, mchezeshaji wao, yuko stoo ya hospitali anagawa shuka, na kila nikipita pale namkuta vidole vya mkono wa kulia vinafungua na kufunga mdomo usiokuwepo. Leo alikuwa anacheka peke yake. Mtu mzima wa miaka arobaini na minane!

Akasema, Dada, mshone tu, usimbadilishe. Nikamuuliza kati yangu na yeye nani fundi. Mimi ndiye niliyemlea, hanijibu.

Jumanne, 4 Machi

Nimemfumua Zumbukuku mzima. Sufi nimetupa, nimejaza sponji na kuibana kwa gundi, haitoki tena. Mgongo mpya. Halafu — macho.

Hili niliandike, hakuna wa kulisoma. Yale macho ni aibu yangu. Wakati ule niliyashona kabla sijajaza sufi usoni. Nilipojaza, uso ukavimba, vifungo vikaelekea puani. Makengeza! Na gari la televisheni linapiga honi nje, siku ya kwanza ya kurekodi, hakuna muda wa kufumua. Basi miaka tisa, kila Jumamosi jioni, nchi nzima inatazama kosa langu. Watu wanacheka, mimi najikunyata kwenye kiti. Mteja mmoja aliwahi kuniuliza, kwa nia njema kabisa, kwa nini niliamua kumpa kiboko makengeza. Niliamua! Nikamjibu ndiyo, ni usanii.

Leo nimeyanyoosha. Nimepima kwa futi, nimechora kwa chaki, nimeweka vifungo vipya vyeusi, jozi moja. Yamenyooka mpaka raha. Sijamwambia mtu. Mdogo wangu ataona mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi

Studio baridi kama friji. Mdogo wangu kajikunja chini ya meza kwa saa sita, Zumbukuku mkono wa kulia, Bi Mkwara wa kushoto, shingo kailaza anatazama kiskrini kilicho sakafuni. Ndivyo anavyofanya kazi: hamwoni kikaragosi, anaiona picha yake tu.

Bi Mkwara alikwenda vizuri. Kwa Zumbukuku wakarudia, wakarudia tena. Mara tatu mdogo wangu kachomoza kichwa kuniuliza, "Dada, mbona hanitazami?" Anamgeuza kichwa kidogo, anasubiri, anamgeuza tena. Prodyuza akaanza kuangalia saa.

Nikamwambia, mbele ya watu, ni uzee huo, nenda kavae miwani. Wote wakacheka. Na yeye kacheka.

Jumamosi, 15 Machi

Saa moja jioni sebule ya mdogo wangu ilikuwa imejaa majirani, wengine wamesimama mlangoni. Wifi kavaa lile gauni la kijani nililomshonea. Muziki wa zamani ulipoanza, makofi! Zumbukuku akajitokeza, "Nyie! Nani kaunywa mto wangu?" — sauti ileile, jamani — mimi mwenyewe machozi yalinitoka.

Halafu sijui nini. Dakika tano za mwanzo watu walicheka. Kisha wakawa wanatabasamu. Kisha wakawa wanachungulia simu. Bi Mkwara akifungua mdomo, vicheko. Zumbukuku akisema, kimya. Kichwa kinageuka huku, kinageuka kule, kama ana kupe masikioni.

Kilipoisha jirani wa mkono wa kulia akasema si haba. Si haba! Mwingine akakumbuka ana safari ya alfajiri. Haikupita hata robo saa, tukabaki sisi wa nyumbani. Mdogo wangu akakusanya viti mwenyewe, kimojakimoja. Nikamwambia watu wamechoka na kazi tu.

Jumapili, 16 Machi

Binti yangu kaja na simu yake. Nikamwambia nisomee wanachoandika. Mama, achana nayo. Soma, nikasema.

Mmoja anasema huyu si Zumbukuku, ni binamu yake aliyesoma. Mwingine: anafanana na karani aliyekuja kukukatia maji. Hapo nilicheka, Mungu anisamehe. Kuna mama mmoja kasubiri miaka kumi na tisa, kawaita watoto wake wote mbele ya televisheni. Watoto wakatoka kwenda kucheza nje, yeye akabaki anatazama peke yake mpaka mwisho, kwa adabu tu. Ukurasa mzima ni wa watu kama huyo. Hawatukani. Wana huzuni, na hiyo ni mbaya zaidi.

Halafu wakaanza kumtafuta mwenye kosa. Mzee ampishe kijana. Mkono umekufa. Kila kitu na wakati wake. Mmoja ana uhakika kabisa kwamba mchezeshaji wa zamani alishafariki na huyu ni mwigaji.

Nikauliza, na kushonwa kwake wanasemaje? Binti katafuta. Wanasifu, akasema, nadhifu, kama katoka dukani. Nilifurahi. Naliandika hapa ili nilione vizuri: nilifurahi.

Jumanne, 18 Machi

Muuguzi wa zahanati kaja kupunguza sare kiunoni. Nampima, yeye anaongea. Alipokuwa na miaka sita baba yake aliondoka nyumbani, mama yake kazini kutwa. Zumbukuku ndiye mtu mzima pekee aliyekuwa anamtazama.

"Mimi tu, mama. Nilikuwa nahama kiti makusudi, bado ananitazama. Lakini juzi alikuwa anamtazama mtu nyuma yangu. We! Niligeuka kweli kuangalia."

Akacheka. Pini ikanichoma kidole.

Alipoondoka nikafunga mlango mchana kweupe. Nikaishusha picha ya zamani ya Zumbukuku na Bi Mkwara ukutani, nikaiweka mezani, nikahama huku na huku. Ananitazama. Nimekaa na ile picha miaka yote, nikiona makengeza tu! Macho yanayoelekea puani yanakutana mahali, na pale yanapokutana ndipo ulipokaa wewe. Haya yangu ya kupima kwa futi hayakutani popote.

Kumbe mdogo wangu, kile kichwa alichokuwa anakizungusha, alikuwa anatafuta. Anamtafuta yule mtoto upande wa pili wa kamera na hampati. Na mimi nikamwambia uzee, mbele ya watu.

Mkono ulewule ulimchezesha Bi Mkwara na watu wakacheka! Mbona hakuna anayeliona hilo? Mbona mimi sikuliona?

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu kafika hata binti hajaolewa.

Jumatano, 19 Machi

Nimekwenda kumwambia. Nilijipanga njia nzima, midomo inacheza kama mwehu, mpaka mwenye duka akaniuliza kama nasali.

Wifi alinipokea mlangoni kwa kunong'ona. Tangu Jumapili mumewe anakaa na mkono kwenye beseni la maji moto, anaukanda. Daktari pale hospitali kampima, kasema mkono mzima, hauna kitu. Yeye kamwambia daktari, mzima wa kubebea shuka. Na prodyuza kapiga simu. Kipindi kitarudi, kwa ajili ya Bi Mkwara, ila wanataka mkono mpya. Wamempata kijana. Mdogo wangu kakubali! Hata hakubisha. Jumamosi wanampeleka redioni awaage wapenzi wake, Jumatatu anakabidhi vikaragosi wote wawili.

Nikamkuta amekaa, mkono umefungwa taulo. Akasema, "Karibu Dada, ulisema kweli siku ile. Uzee."

Nikafungua mdomo. Neno lilikuwa pale, kwenye ulimi. Nikajisikia nasema mshono umeachia begani, nipe Zumbukuku nikamguse kidogo.

"Mchukue. Hata usimrudishe kwangu, mpeleke kwao televisheni moja kwa moja."

Nikanywa chai. Nikasifu chai. Nikarudi nyumbani na kiboko kwenye mfuko wa nailoni. Ovyo mimi! Mtu niliyemfundisha kufunga kamba za viatu, niliyemchapa kwa kusema uongo. Miaka arobaini na minane sijawahi kumwambia nisamehe. Neno lenyewe sijui linaanzia wapi mdomoni.

Ijumaa, 21 Machi

Leo sikufungua kibanda. Nikirudisha macho yalivyokuwa, nilijiambia, nampelekea, anavaa mkono, anaona mwenyewe. Hapo sitahitaji kusema mengi.

Mara ya kwanza: kama mlevi. Mara ya pili: kama mwizi aliyekamatwa. Nikavitafuta vifungo vya zamani kwenye kopo, nikavipata, nikashona hivyo. Anaonekana kama mtu anayewaigiza wenye makengeza. Mara ya nne, ya tano. Mara ya sita blanketi limeanza kutoboka. Yale ya kwanza yalijipanga yenyewe uso ulipovimba, na sasa uso umejaa sponji na gundi. Fundi wa miaka thelathini nimeshindwa kurudia kosa langu mwenyewe.

Nikalia. Binti kanikuta hivyo, nyuzi zimenijaa mapajani. Nikamweleza yote. Sikutegemea angenuna, lakini kanuna.

"Mama, mficha uchi hazai. Mwambie mjomba."

Nikimaliza, nikasema.

"Ukimaliza nini?"

Akaniambia kesho asubuhi kabla mjomba hajatoka, la sivyo atakwenda yeye. Nikamwambia hapana, hii ni yangu.

Jumamosi, 22 Machi

Nimechelewa! Nimefika kwao saa mbili na nusu, wifi anasema gari la redio limemchukua saa mbili kamili. Simu yake kazima. Nimerudi mbio na miguu hii yangu. Sasa ni saa nne kasoro. Kaanza kuongea redioni.

Sauti yake ni shwari, kama mtu aliyekwisha kuzika. Mtangazaji anamuuliza kuhusu kile kipindi maalumu, watu wamesikitika sana, tatizo lilikuwa nini hasa?

Anasema — naandika kama anavyosema — "Kwanza naomba fundi asilaumiwe. Fundi ni dada yangu. Safari hii kamshona vizuri kuliko zamani, mpaka macho kayanyoosha. Mimi ndiye niliyeshindwa kuyatumia."

Aliona! Aliona tangu studio! Akadhani nimempa kitu kizuri na yeye hakukiweza.

Saa nne na dakika tano. Wamefungua laini. Nimepiga mara saba. Inatumika, inatumika. Imeingia! Binti wa mapokezi ananiuliza nataka kuzungumzia nini. Nimesema macho. Kasema subiri mama, uko wa tatu, zima redio yako.

Nimezima. Simu nimeibana kwa bega, nawasikia humohumo kwenye simu. Naandika ili mikono iwe na kazi, la sivyo nitakata.

Wa kwanza ni mwanamume. Anasema yeye ni dereva wa malori, alijifunza kucheka kwa Zumbukuku, anaomba mzee asiondoke. Mdogo wangu anamshukuru. Anasema, ndugu yangu, bora niache nyie mkiwa bado mnanikumbuka vizuri.

Wa pili anamwambia apumzike, kafanya kazi kubwa. Anamshukuru na huyo.

Mtangazaji anasema muda umekwisha, tunapokea simu moja tu, ya mwisho.

Ni mimi.

Karibu, uko hewani, tunaongea na nani?

Sitoi sauti. Mdomo uko wazi na hakuna kinachotoka. Hallo? Msikilizaji? Naandika badala ya kusema! Anasema laini labda ina shida, tumkate tuendelee —

Mdogo wangu kamzuia. Hajui ni nani, anasikia pumzi tu. Anasema usimkate, tafadhali. Huyo ana jambo. Mpe muda.