Mikono ya Muna kwenye Barafu

Ijumaa, Nizwa

"Mbwembwe ni za asiyeweza kuruka." Maneno ya ndugu yangu Khalfan hayo, leo Maskati, pembeni ya uwanja wa barafu, binti yangu Muna akiteleza na kuinua mikono kwa madaha. Uongo mtupu! Yeye mwenyewe siku ya Idi, kwenye razha, ngoma yetu ya panga, harushi upanga na kuudaka kimya kimya kama mtu anayedaka embe. Hutembea kifua mbele mpaka wanawake wapige vigelegele.

Nikamwambia hivyo. Akacheka: "Wallahi dada, mimi mwanamume. Huyu msichana, watu wanatazama."

Kumbe hilo ndilo lake! Na Muna alimsikia. Aliruka, akatua bila kuyumba, lakini mikono ameibana mbavuni na uso ameuinamisha. Garini, njia nzima ya kurudi Nizwa, mikono aliikunja vilevile.

Naitamani mikono yake ya siku zote, ilivyokuwa ikifunguka wimbo ukianza, hata nikasahau kuogopa asianguke. Kuruka atafundishwa. Ile raha nani atamrudishia? Naogopa isije ikawa...

Khalfan, na nyinyi wajomba wote mnaokaa pembeni: Ijumaa ijayo mpigieni makofi akiinua mikono, kabla hajaruka.