Randa Uliyoniamuru Niichome

Kaka,

Amri yako nimeipata, na nimeikataa. Randa, msumeno na msasa wa marehemu mdogo wetu sikuvichoma. Anavyo binti yako, chumbani kwako, anachonga povu gumu liwe ubao wa kupandia mawimbi. Vumbi jeupe limefika hadi kwenye sukari.

"Shangazi, shusha taa, imulike kwa ubavu!" ananifokea. Kivuli ndicho kinachofichua kila kibonde.

Unasema bahari itammeza binti yako kama ilivyommeza mdogo wetu. Mdogo wetu aliuawa na ubao wa kuazima uliomkatikia mawimbini, kwa kuwa ubao wake mwenyewe wewe ulikuwa umeufungia stoo.

Jumamosi binti anaingia majini. Njoo umkataze ana kwa ana, au njoo ushike taa. Mkono wangu umechoka kuishika.

Dada yako mbishi