Meno Niliyoyafuta kwenye Sabuni

Nyumbani,
Nyumba ya mwisho, nyuma ya karakana.
Jumapili, tarehe 17.

Mpendwa mwanangu, kifungua mimba wangu,

Nakusalimu kwa salamu nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. U hali gani huko? Kile kikohozi kimekwisha au unanificha? Uliniandikia kwamba mnafua mashuka ya hoteli nzima kwa maji ya moto, halafu mnatoka nje kwenye baridi na jasho mwilini. Funika kifua, mama. Usiniambie wewe ni mtu mzima, kifua hakijui umri. Na kula vizuri, chai peke yake si chakula hata ukiinywa kwa kikombe kikubwa.

Sisi huku tu wazima wa mwili. Goti langu la kushoto linauma nikikanyaga cherehani, lakini tumeshazoeana, ni kama mpangaji asiyehama. Mwandiko wangu usiucheke. Darasa la tatu ndiko nilikoshushwa, na hakuna aliyerudi kunichukua.

Kifurushi chako kilifika salama, wiki ya sita sasa. Najua umekuwa ukingoja jibu. Sikusahau. Kila nikishika kalamu naiweka chini, kwa sababu nina maneno ambayo hata mdogo wako sijamwambia.

Ile nyongeza ya kurefushia fimbo ya snuka haikuingia.

Kosa si lako, hilo ulijue kabla hujasoma mbele. Ni nzuri sana, nyeusi, inang'aa, na ule mfuko wake wa kitambaa nimeufua nikaupiga pasi. Mdogo wako alipoifungua alicheka, na mimi kicheko chake nilikuwa sijakisikia tangu aanguke kutoka kwenye ile ngazi ya kupakia rangi. Akaichukua fimbo ya baba yenu, akaigeuza kitako juu, akaanza kuzungusha. Ikaingia mzunguko mmoja na nusu. Ikakwama. Akaitoa, akapuliza tundu, akajaribu tena. Mzunguko mmoja na nusu. Mimi nikaleta mafuta ya cherehani, nikamwambia labda ni ukavu tu. Akaniangalia kwa huruma, mwanangu, kama mtu anavyomwangalia mgonjwa, akasema, "Mama, hii si kiu."

Tukaenda kwa Fundi, yule aliyekereza vyuma pamoja na baba yenu miaka yote ile. Macho yake sasa ni ukungu mtupu, lakini bado anafanya kazi kwa kupapasa. Akaingiza ukucha kwenye tundu la fimbo, kisha akaupitisha kwenye skurubu ya nyongeza. Akarudia mara ya pili.

"Shemeji," akaniambia, "upana ni sawasawa. Nani alipima?"

Nikasema ni mimi.

"Umepima vizuri. Na meno je, ulimwandikia nini?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Unakumbuka uliniomba kipimo cha tundu la kitako. Niliilainisha sabuni, nikaisokota kwenye kijiti, nikaijaza tunduni, nikaiacha ikauke siku nzima. Nilipoizungusha kuitoa ilikuja nzima, ila ilikuwa na mistarimistari pande zote. Nilidhani ni mikwaruzo. Nikaona aibu kupima kitu kibaya hivyo, nikalowesha kidole gumba nikailainisha mpaka ikawa kama mshumaa, ndipo nikaizungushia utepe wangu wa kupimia nguo. Ile mistari ndiyo ilikuwa meno yenyewe, na nafasi iliyopo kati ya jino na jino ndiyo uliyotakiwa kumwambia muuzaji. Wewe ulinunua kwa namba niliyokupa, na namba ilikuwa ya kweli. Nilikutumia mdomo usio na meno.

Fundi alitueleza kwamba kila anayetengeneza fimbo za snuka ana meno yake. Mmoja anayabana, mwingine anayapanua, mwingine anaweka bolti kwenye fimbo na tundu kwenye nyongeza, kinyume na yetu. Zikilazwa mezani utaapa ni ndugu, ukiziunganisha zinagombana. Kwa hiyo mtu anayenunua fimbo anunue na nyongeza yake siku hiyohiyo, azifunge palepale dukani, azifungue, azifunge tena. Asiamini namba wala picha. Nakuandikia hivi si kwa kukulaumu, ni ili usije ukapoteza jasho lako mara ya pili.

Nikamuuliza kama tunaweza kutafuta nyongeza yenye meno kama ya fimbo yetu. Akacheka kidogo, akasema, "Meno haya ni ya marehemu. Alikitengeneza mwenyewe kile chuma cha kuyachongea, kwa sababu cha karakana hakukipenda. Fimbo zote duniani zina jamaa zake, shemeji. Hii haina." Kisha akaniuliza kama bado nina sanduku la vifaa la baba yenu, maana chuma chenyewe kilikuwa humo, na angeweza kuchonga nyongeza mpya kwa chuma hicho.

Sanduku lile nililitoa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu miezi miwili baada ya mazishi. Lilikuwa linanikwaza mguu kila nikiingia chumbani, na kila nikikwazwa nalia. Nilimsaidia hata kulinyanyua kuliweka kwenye mkokoteni. Nilimwambia, "Pole, ni zito."

Mwanangu, ungekuwa hapa ungejua kwa nini jambo hili la kipande cha mti limenikosesha usingizi. Mwenye ukumbi wa snuka alitafuta mtu wa kutunza meza na kufundisha wanaoanza. Alimpenda mdogo wako kwa utaratibu wake. Pale wanamwita Polepole, kwa sababu anaizunguka meza kama mtu anayetafuta sindano iliyodondoka. Lakini kulikuwa na mwingine anayeitaka kazi hiyohiyo, fundi saa mmoja aliyefunga duka lake, kwa hiyo mwenye ukumbi akasema wacheze mbele yake Jumamosi, anayeweza zaidi achukue. Mipira ya karibu mdogo wako haikosi. Ya mbali ndiyo taabu, kwa kuwa mgongo wake haukunjiki tangu aanguke, hawezi kulala juu ya meza kama wenzake. Fimbo za ukumbini ni kipande kimoja, hazina hata tundu la kuongezea. Ile moja ndefu waliyonayo imepinda kama upinde. Mwaka mzima alilala akiutazama ukuta, na hii ndiyo ilikuwa kazi ya kwanza aliyoomba kwa mdomo wake mwenyewe.

Fundi akasema iko njia moja. Atoe ile shaba iliyo ndani ya tundu, yenye meno ya baba yenu, atoboe kitako kwa upana zaidi, aingize shaba nyingine inayokubali nyongeza yako. Ila mti ni mkavu, na akigonga shaba unaweza kupasuka. Mdogo wako hakusita. Akasema, "Mama, atoboe. Baba aliweka tundu ili irefushwe, hakuweka pambo." Ilikuwa Jumatano jioni, Fundi akasema tuirudishe kesho.

Alhamisi asubuhi nikaondoka na fimbo kuipeleka. Sikuifikisha.

Nilisimama mlangoni pa karakana, mashine inanguruma ndani, nikaona jinsi baba yenu alivyokuwa anakaa mchana na mkate mkono mmoja na msasa mkono wa pili, akiisugua fimbo hiyo badala ya kupumzika. Nikaona inapasuka. Hakuna kingine nilichobaki nacho kilichopita mikononi mwake, vingine vyote nilivitoa mwenyewe. Nikarudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Nikamwambia mdogo wako Fundi anaumwa. Ijumaa nikamwambia bado anaumwa. Alitaka kwenda kumjulia hali, nikamwambia amelala, asimsumbue. Mimi niliyewachapa nyinyi kwa uongo wa sukari.

Jumamosi alikwenda na fimbo fupi. Nilikaa nyuma, karibu na mlango. Alicheza vizuri mpaka mpira mweupe, ule wa kupigia mingine, ukaenda kukaa upande wa pili wa meza. Alijaribu kuinama. Nilisikia mgongo wake, mwanangu, ukumbi mzima ulisikia. Mmoja akatania, "Polepole, mpigie simu mpira uje." Wakacheka, naye akacheka nao. Akaufikia akiishika fimbo kwa ncha za vidole, fimbo ikateleza, mpira mweupe ukaingia shimoni, na hilo ni kosa. Fundi saa akamaliza. Si mtu mbaya, alikuja kunipa mkono.

Mdogo wako hakunilaumu, kwa sababu hajui. Aliirudisha nyongeza kwenye mfuko wake, akaiweka mezani, akasema, "Mrudishie dada. Mwambie asante, asinunue tena." Akaingia chumbani. Ni wiki ya tano hii. Chakula nakiacha mlangoni, anakula nusu.

Jumatatu ile iliyofuata nikaenda kwa Fundi peke yangu. Nikakaa nikamwangalia akitoboa. Haukupasuka, mwanangu. Hata ufa wa unywele haukutokea. Alimaliza kabla maji ya chai hayajachemka, akafunga nyongeza yako, ikaingia mpaka mwisho, ikakaa kimya kama imezaliwa hapo. Akanipa ile shaba ya baba yenu nikaiweka kwenye kopo la vifungo. Fundi alifurahi, akasema, "Haya shemeji, mpelekee kijana." Nikamwambia nitampelekea.

Nimeiegemeza ukutani kando ya mlango wake. Imekuwa ndefu sana, haisimami wima, inagusa dari. Anapotoka kwenda bafuni anaikwepa kwa bega. Hajauliza imetengenezwa lini. Naogopa siku atakayouliza, na naogopa zaidi asipouliza kabisa.

Sikuombi ununue chochote. Nakuomba umwandikie yeye, barua yake mwenyewe. Usimwambie habari ya Fundi kuumwa, hilo ni langu, nitamwambia nikipata mdomo. Mwandikie tu habari za kwenu, za mashuka, za watu wanaosahau meno ya bandia vyumbani. Zile zilikuwa zinamchekesha.

Shangazi yako anakusalimu, anauliza kama utarudi na mkwe au utarudi na mashuka. Fundi anakusalimu sana. Binamu yako mwenye duka la mkaa naye anakusalimu. Mdogo wako hajasema, lakini mimi najua, kwa hiyo pokea na salamu zake.

Mungu akulinde uendako na ulalapo, akufunikie kifua pale mkono wangu usipofika.

Kila asubuhi kabla sijawasha jiko naitazama ncha ya ile fimbo, kama ina chaki mpya, ile anayoipaka kabla ya kucheza. Leo nimetazama. Bado.

Ni mimi nikupendaye na kukuwaza kila saa,
Mama yako.